GRI, IFRS au B Corp: kampuni yako ipimwe kwa kipimo kipi?

Mara nyingi huanza na barua pepe ya benki. Umeomba mkopo wa kununua mtambo, na kwenye orodha ya viambatanisho, baada ya hesabu zilizokaguliwa na hati ya kiwanja, pana mstari ambao zamani haukuwepo: "ripoti ya uendelevu". Kabla hujapata wa kumuuliza, mnunuzi wa ng'ambo naye ametuma dodoso lake. Unafungua kabati na kukuta ulichonacho ni picha. Mkurugenzi akikabidhi madawati, mkurugenzi na hundi ya mfano kubwa kuliko mlango, mkurugenzi akipanda mche.

Sizicheki picha hizo. Kwetu jambo hili tumezoea kuliita "kurudisha kwa jamii", na mtoto aliyekuwa akisomea sakafuni amepata dawati kweli. Ila dawati halisemi maji machafu ya kiwanda yanaishia wapi, kibarua analipwa lini, wala kampuni itafanya nini mto ukikauka. Maswali hayo ndiyo yanayoulizwa sasa, na njia tatu ndizo zinazotajwa zaidi za kuyajibu: viwango vya GRI (Global Reporting Initiative), viwango vya IFRS S1 na S2 vya taarifa za uendelevu, na cheti cha B Corp. Watu huzitaja kwa pamoja kana kwamba ni chapa tatu za sabuni moja. Sivyo zilivyo. Kila njia ilitengenezwa kwa ajili ya muulizaji wake, na ukimkosea muulizaji utafanya kazi ya mwaka mzima isiyosomwa na mtu.

Nitakavyozilinganisha

Kila njia nitaiuliza mambo manne: nani anayeuliza, kinachopimwa ni nini hasa, inadai kazi na fedha kiasi gani, na nani anahakikisha kuwa ulichoandika ni kweli. Hilo la nne ndilo wauzaji wa huduma za ushauri hulipitia haraka haraka, kwa hiyo ndilo la kulikazia macho.

Ili tusizungumze hewani, tubuni kiwanda kimoja. Ni shamba la mkonge Korogwe, Tanzania, lenye korona yake (mtambo wa kutenganisha nyuzi na nyama ya jani), wafanyakazi 300, wengi wao wakataji, na pampu inayovuta maji mto Pangani. Mkonge nimeuchagua makusudi. Singa, yaani nyuzi zenyewe, hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Nyama ya jani iliyobaki, pamoja na maji ya kuoshea, lazima ielekee mahali fulani. Na mto wenyewe una wengi. Chini ya Korogwe ipo mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, yapo mashamba, vipo vijiji vinavyochota. Mto mmoja, na kila kipimo kinauona kwa jicho lake.

GRI: swali la jirani

Historia ya GRI inaeleza tabia yake. Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka kwenye miamba ya Alaska na kumwaga mafuta baharini. Kutokana na hasira ya wakati ule, wawekezaji na wanamazingira wa Marekani waliunda umoja wa CERES, na kutoka hapo mwaka 1997, mjini Boston, ikazaliwa GRI. Mwongozo wa kwanza ulitoka mwaka 2000, na leo makao yake ni Amsterdam. Hivyo tangu mwanzo anayeuliza ni yule aliyemwagiwa mafuta. Ni mwanakijiji, mfanyakazi, chama cha wafanyakazi, mwandishi wa habari, serikali. Mwekezaji anaruhusiwa kusoma, lakini hakuandikiwa yeye.

Kinachopimwa ni athari ya kampuni kwa watu, uchumi na mazingira, hata kama athari hiyo haiigusi faida yako kwa senti moja. Kiwanda chetu cha Korogwe kingefungua kiwango namba 303, cha maji. Hapo kingetakiwa kusema kimevuta maji kiasi gani na kutoka chanzo kipi, kimerudisha kiasi gani na yakiwa katika hali gani, na kama eneo lina uhaba wa maji. Kingeenda 403 kwa ajali na afya kazini, kisha 413 kwa jamii zinazokizunguka. Kipo pia kipengele kinachowafanya wakurugenzi wasogeze viti. GRI 2 inataka uwiano kati ya anayelipwa zaidi kuliko wote na mshahara wa kati wa wafanyakazi wengine. Kwa mwenye shamba la wakataji 300 namba hiyo peke yake ni hadithi nzima.

Kazi yake ni kubwa, ingawa viwango vyenyewe vinapakuliwa bure. Toleo lililoanza kutumika Januari 2023 linatoa milango miwili. Mlango mkubwa ni kuripoti "kwa kufuata" viwango, na una masharti tisa. Mlango mdogo ni kuripoti "kwa kurejelea", una masharti matatu tu, na unaruhusu kuchukua vipengele vichache unavyoviweza. Kampuni ya kati inayoanza haina sababu ya kujitutumua kwenye mlango mkubwa mwaka wa kwanza. Kilimo, ufugaji wa samaki na uvuvi vina kiwango chao cha kisekta, GRI 13, na madini yana GRI 14. Ukiwa kwenye sekta hizo, orodha ya mambo ya kuangalia umeshaandaliwa.

Uthibitisho ndio upande wake dhaifu. GRI haitoi cheti na hakuna mtu Amsterdam anayekuja kuhesabu mapipa yako. Unaweza kumlipa mkaguzi wa nje ahakiki, na ni vizuri ukifanya hivyo, lakini mlango wa kujisifu uko wazi. Pia kampuni ndiyo inayoamua ni mambo gani yana uzito kwake, baada ya kuzungumza na wadau. Nimewahi kusoma ripoti ndefu zenye picha nzuri za watoto ambazo hazikuwa na namba hata moja ya ajali kazini. Ndiyo maana mimi nikipewa ripoti ya GRI huanzia nyuma, kwenye jedwali la vipengele. Pale kampuni inapoacha kipengele inatakiwa itaje sababu, na sababu zinazokubalika ni nne: hakihusiki, sheria inakataza, ni siri, au taarifa haipo. Hesabu ni mara ngapi wameandika "taarifa haipo", halafu angalia ni kwenye mambo gani.

Inamfaa nani? Kampuni inayoishi kwa ridhaa ya majirani: mgodi, kiwanda cha saruji, shamba kubwa, kampuni ya simu yenye minara kwenye kila kilima. Soko la Hisa la Nairobi lilipotoa mwongozo wake wa taarifa za mazingira, jamii na utawala mwaka 2021, lilijenga juu ya GRI, kwa hiyo kampuni zilizoorodheshwa Kenya tayari zinaijua lugha hii.

IFRS S1 na S2: swali la mwenye fedha

Hapa muulizaji anabadilika kabisa. Viwango hivi vimeandikwa kwa ajili ya wawekezaji, wakopeshaji na wadai wengine. Bodi inayoviandika, ISSB, ilitangazwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow Novemba 2021, na viwango viwili vya kwanza vikatoka Juni 2023. Nyuma yake lipo shirika lile lile linalosimamia viwango vya IFRS vya hesabu ambavyo mhasibu wako anavitumia kila mwaka. Urithi huo ni faida. Mhasibu hataanza kujifunza lugha kutoka a, e, i, o, u.

Kinachopimwa ni kinyume cha GRI. GRI inauliza kiwanda kinaufanya nini mto. IFRS inauliza mto utakifanya nini kiwanda. Kwa Korogwe hayo ni maswali kama haya: ukame ukija, korona itasimama siku ngapi? Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ikipunguza kiasi kwenye kibali chako, mapato yanashuka kwa kiasi gani? Daraja la barabara ya shambani likisombwa na mafuriko, bima inalipa? S1 inahusu hatari na fursa zote za uendelevu, S2 inahusu tabianchi, na zote mbili zimejengwa juu ya nguzo nne: utawala, mkakati, usimamizi wa hatari, na vipimo pamoja na malengo. Ukihesabu gesijoto unatakiwa kutaja za mitambo yako mwenyewe, za umeme unaonunua, na zile za mnyororo mzima, kuanzia kwa wanaokuuzia malighafi hadi kwa wateja. Fungu hilo la tatu linaumiza kichwa kila mahali, ndiyo maana mwaka wa kwanza unaruhusiwa kuliacha. Mwaka huo huo unaruhusiwa pia kuanza na tabianchi peke yake.

Kazi? Ni nzito, lakini inapungua kadiri kampuni ilivyo ndogo. Viwango vyenyewe vinasema utumie taarifa unayoweza kuipata bila gharama wala usumbufu uliopitiliza. Usipuuze sentensi hiyo. Wapo washauri watakaokuuzia programu ya kompyuta ya bei ya gari kabla hujaisoma. Kigumu zaidi ni muda, kwa sababu ripoti hii inatoka pamoja na hesabu za mwaka, si miezi minane baadaye ikiwa na jalada la kijani.

Uthibitisho unategemea nchi. Viwango havilazimishi ukaguzi. Mamlaka za nchi ndizo zinazoamua. Kenya, kupitia ICPAK, taasisi ya wahasibu wa nchi hiyo, imepanga ngazi: taasisi zenye maslahi ya umma kuanzia 2027, kampuni nyingine kubwa 2028, biashara ndogo na za kati 2029. Tanzania nako NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, imevipokea viwango hivi, kwa hiyo muulize mkaguzi wako kundi lako linaanza lini, na umuulize leo, si wiki ya kufunga hesabu. Na hata kabla ya sheria kukufikia wewe, inaifikia benki yako. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa hatari za tabianchi mwaka 2021, Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2022. Ule mstari mpya kwenye barua pepe ya mkopo haukutoka hewani.

Upungufu wake uko wazi, wala wenyewe hawaufichi. Kijiji kinachokunywa maji yenye mabaki ya mkonge hakionekani humu mpaka kikushtaki au kikufungie barabara, yaani mpaka kigeuke kuwa gharama. Mkopeshaji ataridhika. Mwenyekiti wa kijiji ukimpa ripoti hii ataigeuza kurasa akitafuta jina la kijiji chake.

Inamfaa anayekopa fedha kubwa, anayetafuta mbia, aliyeorodheshwa au anayekaribia kuorodheshwa, na anayefikiria hatifungani ya kijani, yaani kukopa sokoni kwa ajili ya miradi ya mazingira, kama ile ya kampuni ya Acorn ya Kenya iliyotangulia Afrika Mashariki mwaka 2019 au ya benki ya CRDB iliyofuata Tanzania mwaka 2023.

B Corp: swali la mteja na la mfanyakazi

GRI na IFRS zinakupa ripoti. B Corp inakupa cheti na alama ya kubandika kwenye bidhaa. B Lab, shirika lisilo la faida lililoanzishwa Marekani mwaka 2006, linaipima kampuni nzima, si bidhaa moja. Anayeuliza ni mteja anayesimama mbele ya rafu, kijana mwenye shahada anayechagua aajiriwe wapi, na aina fulani ya mwekezaji anayetaka fedha zake zifanye kazi zenye maana kwake.

Kwa miaka mingi mtihani wake ulikuwa wa alama. Dodoso lilikuwa na alama 200, na kufaulu ilikuwa 80. Wakosoaji walisema jambo ambalo mwalimu yeyote analijua, kwamba mwanafunzi anaweza kufeli hesabu kabisa na bado akapita kwa sababu ya michezo. Viwango vipya vilivyotangazwa Aprili 2025 vimeachana na mchezo huo. Sasa kuna mada saba, zikiwemo kazi zenye haki, haki za binadamu, tabianchi na utunzaji wa mazingira, na kila mada ina kiwango cha chini ambacho lazima ukifikie. Mzunguko wa cheti umekuwa wa miaka mitano, na katikati yake kuna ukaguzi.

Sharti linalowashtua wengi ni la kisheria. Kampuni inabadilisha katiba yake ili wakurugenzi walazimike kuzingatia wafanyakazi, jamii na mazingira, si wanahisa peke yao. Kwa kiwanda chetu maana yake ni kwamba mzozo wa maji na kijiji cha chini unafika kwenye meza ya bodi kama wajibu, wala si kama hisani ya meneja. Rwanda imerahisisha hatua hii, maana sheria yake ya kampuni ya mwaka 2021 inaitambua kampuni ya manufaa kwa jamii. Kwingine utahitaji wakili wa kuandika vizuri kifungu hicho, na wanahisa watakaokubali kukipigia kura. Kama wanahisa ni ndugu wa familia moja, kikao hicho kiandalie na chakula cha mchana.

Gharama ni ada ya kila mwaka inayopanda kadiri ya mauzo, pamoja na muda wa watu wako kukusanya ushahidi. Dodoso la mtandaoni unaweza kulijaza bure hata kama huna nia ya cheti, na kusema kweli hiyo ndiyo sehemu ninayoipendekeza zaidi, kwa sababu linakuonyesha mashimo yako bila kukuaibisha hadharani. Uthibitisho wake ni mkali kuliko wa GRI, kwa kuwa kuna mtu anayepitia nyaraka na ana mamlaka ya kukunyima.

Lakini alama ina thamani pale tu inapotambulika. London au Amsterdam herufi B ndani ya duara inauza. Kariakoo au Gikomba haimwambii mtu kitu. Na hata ng'ambo ina ugomvi wake. Mwaka 2025 Dr. Bronner's, watengeneza sabuni wa Marekani waliokuwa na alama za juu mno, walijitoa wakilalamika kuwa kampuni kubwa za kimataifa zinapewa cheti hicho hicho. Unaweza kuwaunga mkono au usiwaunge. Jua tu kwamba utakuwa kwenye orodha moja na watu usiowachagua.

Inamfaa mwenye jina la bidhaa linaloonekana na mteja wa mwisho, hasa nje ya nchi: kahawa iliyokaangwa na kupakiwa, vikapu, mafuta ya karite (shea), utalii. Kiwanda cha kuuza singa kwa marobota, ambazo zitageuzwa kamba na kiwanda kingine, hakitavuna mengi hapo.

Visivyoingia kwenye mizani hii

Fairtrade na Rainforest Alliance ni vyeti vya zao na mnyororo wake. Vinaweza kuwa ndicho mnunuzi wako anachokitaka, na kama ni hivyo usipoteze muda na hayo yote ya juu. SMETA, ukaguzi ambao wanunuzi wengi wa Ulaya huuagiza, unaangalia kazi, usalama, na ukitaka mazingira na maadili ya biashara. ISO 26000 ni mwongozo mzuri wa kusoma, ila haina cheti. Anayekuuzia "cheti cha ISO 26000" anakuuzia karatasi.

Kwa mwenye leseni ya madini Tanzania kuna jambo lisilo la hiari. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mpango huo unaonyesha fedha imeenda kwenye nini. Hauonyeshi mgodi umemfanya nini jirani, kwa hiyo usidhani umeshamaliza na GRI 14.

Kutegemea na hali yako

Kama barua imetoka benki, mpigie simu aliyeiandika kabla ya kufungua kompyuta. Muulize ataisomaje na itabadilisha nini: riba, masharti au ndiyo na hapana. Mara nyingi utakuta anataka kurasa chache zenye mpangilio wa nguzo nne za S2, na namba za umeme, dizeli na maji.

Kama tatizo lako ni majirani, yaani malalamiko ya maji, vumbi, ardhi au ajira za vijana wa pale, anza na GRI kwa mlango mdogo. Chagua vipengele vitano ambavyo kijiji kinavilalamikia, si vitano unavyovijua vizuri. Kisha toa kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe kwenye ofisi ya kijiji. Ripoti ya Kiingereza iliyoko kwenye tovuti haijamfikia jirani.

Kama unauza bidhaa yenye jina lako Ulaya au Marekani, jaza dodoso la B Corp kimya kimya, tazama umesimama wapi, ndipo umuulize msambazaji wako kama alama ile itamuongezea mauzo. Akisitasita, fedha hiyo iweke kwanza kwenye kurekebisha mapungufu uliyoyaona.

Kama umeorodheshwa au uko mbioni, hutachagua kimoja. Utahitaji IFRS kwa wenye hisa na GRI kwa wengine, na namba zikiwa zile zile itapungua kazi. Asiwepo mtu mmoja anayeandika ripoti ya wawekezaji na mwingine ya jamii wasiofahamiana. Namba za maji zinazotofautiana kati ya ripoti mbili za kampuni moja ni zawadi kwa mwandishi wa habari.

Na kama bado hakuna aliyekuuliza, usilipe mshauri. Fungua daftari la miezi 12: lita za dizeli, yuniti za umeme, mita za ujazo za maji, tani za mabaki na zinakotupwa, ajali hata zile ndogo, siku za kuchelewesha mishahara, michango ya hifadhi ya jamii, malalamiko na tarehe yalipojibiwa. Vipimo vyote vitatu vitayataka hayo, kila kimoja kwa mpangilio wake. Kiwanda chetu cha Korogwe, kikianza kesho asubuhi, kitakwama kwenye mstari wa tatu, kwa sababu pampu ya mtoni haijawahi kufungwa mita.